MZIGO WA MAMA HUYU NI WA NANI?

Siku zilizopita alifika ofisini petu mama mmoja, mfanya kazi wa kiwanda, bado amevaa vazi lake la kazini na vumbi la pamba limemganda kwenye nywele. Hakuja kumshitaki mtu. Alikuja kuuliza kama gazeti lajua shule inayompokea mtoto asiyesema. Mwanawe ana umri wa miaka saba. Katika mazungumzo, wala hakuna aliyemwuliza, alitoboa kwamba kwa miezi mitano sasa, kila aingiapo zamu ya asubuhi, humfunga mtoto yule kwa kanga mguuni pa kitanda, akamwekea mkate na kikombe cha maji, na jirani humchungulia ifikapo saa nne.

Sisi tuliokuwamo chumbani, wanaume watatu na wote wenye watoto, tulinyamaza. Kisha mwenzetu mmoja, kwa hasira, akasema: "Mama, mtoto ni mbuzi?" Naye akajibu taratibu: "Ndugu yangu, mbuzi ningempeleka malishoni."

Jibu hilo limetukaa moyoni. Ni jambo jepesi kumhukumu mama huyu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo wazi kwamba mtoto asitendewe ukatili. Wala hatusemi kuwa kumfunga mtoto ni sawa. Lakini kabla ya kuhukumu, yatupasa tuitazame hesabu yake kama anavyoitazama yeye mwenyewe kila alfajiri. Zamu yaanza saa kumi na mbili. Baba wa mtoto alikwisha hama nyumba. Bibi kijijini alijaribu kukaa naye, mtoto akawa anatoka usiku kwenda mtoni, kwa maana hupenda maji yanayong'aa, na bibi hana miguu ya kukimbia. Amebisha hodi katika shule mbili, ya kwanza akaambiwa hakuna mwalimu wake, ya pili mkuu wa shule akamwambia, "Mlete akishasema." Akiacha kazi, hakuna chakula. Akienda kazini, hakuna mlezi. Basi ilibaki kanga.

Twamleta mama huyu mbele ya wasomaji, pasipo jina lake wala la kiwanda chake, kwa sababu hayuko peke yake. Hali aliyo nayo mtoto wake yaitwa usonji. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mwenye kalamu na agawanye: atapata watu karibu 486,000. Hiyo ni hesabu ya makisio tu, lakini yatosha kumwonyesha mtu yeyote kwamba jambo hili si la nyumba moja iliyopatwa na balaa. Katika kila kiwanda kikubwa, kila bandari, kila shule na kila kambi ya reli, yuko mzazi mwenye mtoto wa namna hii, na mara nyingi anamficha.

Usonji ni nini? Si wazimu, si pepo, wala si malipo ya mama aliyevuka kaburi akiwa mjamzito. Ni ubongo ulioumbika kwa njia nyingine tangu utotoni. Mtoto aitwa jina lake, hageuki, ingawa masikio yake ni mazima hata asikia karatasi ya peremende chumba cha pili. Haonyeshi kitu kwa kidole. Maneno huchelewa, au huja yakawa yale yale aliyoyasikia redioni asubuhi, akayarudia hadi jioni. Hupanga vizibo vya soda mstari mmoja mrefu, na ole wake atakayekipindua kimoja. Katika basi lililojaa, honi na muziki na kelele za utingo humwingia kama misumari, akaziba masikio na kupiga mayowe. Hapo ndipo abiria wote wawapo walimu: "Mchape huyo! Umemdekeza!" Mama huteremka vituo vitatu kabla ya kwake, akatembea.

Wengine husema, wengine hawatasema maisha yao yote. Wengine huhitaji kulindwa mchana na usiku, na wengine wana akili kali kuliko sisi tunaowacheka. Na usonji una jamaa zake. Wako watoto wasioweza kutulia wala kushika jambo moja kwa muda, si kwa utundu bali kwa maumbile. Wako wenye disleksia, ambao herufi huwakataa hali akili yao haina kasoro. Mwandishi wa maneno haya alisoma katika shule ya wamisionari, na darasani palikuwa na kijana ambaye hadi darasa la tano hakuweza kusoma aya moja. Kijana huyo huyo aliifungua redio ya Padre iliyokufa, akaifanya iseme. Hata hivyo alichapwa kila Ijumaa, mbele yetu, kwa ajili ya imla, na mwaka ule haujaisha akatoroka asirudi. Leo twalijua jina la hali ile. Wakati ule jina lake lilikuwa uvivu, nasi tuliocheka twalikumbuka kwa aibu.

Sasa tuje kwenye lawama, kwa maana hapo ndipo mama huyu anapoumizwa zaidi kuliko kwenye njaa. Tunayo methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali njema kwa mtoto mwizi na kwa mtoto mjeuri. Kwa mtoto wa usonji imegeuka fimbo ya kumpigia mamaye. Mashemeji huinena, majirani huinena, na mume akitafuta njia ya kuondoka huipata hapo imekwisha fagiliwa.

Mtu asidhani kuwa ujinga huu ni wetu peke yetu, wa watu wasiosoma. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 na kuieleza hali hii waziwazi. Miaka iliyofuata mabingwa wengi wa nchi zile walikaa wakafundisha kwamba chanzo chake ni mama asiye na mapenzi, mama baridi. Bruno Bettelheim wa Chicago aliitetea nadharia hiyo katika kitabu kizima mwaka 1967, na watu wakakinunua. Mama wangapi walilala na hatia hiyo hadi kaburini! Aliyesimama kuipinga mapema, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, bingwa wa saikolojia katika jeshi la wanamaji, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa usonji. Kisha mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapa uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kabisa, jozi 4 pacha wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana kabisa, haikuwapo hata jozi moja ya hivyo. Wote walikuwa na mama mmoja na malezi mamoja. Kama chanzo kingekuwa malezi, tofauti hiyo ingetoka wapi? Chunguzi kubwa zilizofuata zimezidi kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya chanzo imo katika urithi wa mwili.

Bibi Folstein huyo huyo alikuwa miongoni mwa wataalamu, pamoja na Watanzania, waliochapa mwaka 2006 uchunguzi wa kikundi kidogo cha watoto wa usonji wa hapa nchini. Waliona kwamba kwa baadhi yao dalili zilikuja baada ya maradhi makali, malaria ikiwamo. Kikundi kilikuwa kidogo, kwa hiyo tusijenge ghorofa juu ya msingi huo. Lakini mama na aandikishe neno hili: homa kali na degedege si mambo ya kungoja asubuhi. Na kuhusu chanjo, ile habari iliyochapwa London mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na aliyeiandika akanyang'anywa idhini ya udaktari. Mzazi asimnyime mtoto chanjo kwa ajili ya uzushi uliokwisha kufa kwao.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu mzazi aliyeshushwa na aibu hawezi kudai kitu. Na historia ya nchi zile zilizotangulia yaonyesha kwamba hakuna serikali iliyoamka asubuhi moja ikawajengea watoto hawa shule kwa huruma yake. Uingereza, wazazi walijikusanya mwaka 1962 wakaunda chama chao, na mwaka 1965 wakafungua shule yao wenyewe magharibi mwa London, wakati ambapo wakubwa wa elimu waliwahesabu watoto hao kuwa hawafundishiki. Marekani wazazi waliunda chama chao mwaka huo huo wa 1965, na ilichukua miaka kumi ya kubisha milango hata ikapatikana, mwaka 1975, sheria inayolazimisha shule za umma kuwapokea watoto wote wenye ulemavu. Na hapa Afrika, mjini Addis Ababa, mama mmoja, Zemi Yenus, mwenye mtoto wa usonji, alianzisha kituo mwaka 2002 pasipo kungoja mtu.

Sisi tuna nini? Tuna sheria, na si haba. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010. Ulikuwapo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi, uliopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Ada ya shule iliondolewa tangu mwaka 2016. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Patandi, mkoani Arusha. Viko vitengo katika shule za msingi, kama kile cha Msimbazi Mseto, Ilala, wanakosoma watoto wa usonji. Na iko shule ya Irente Rainbow kule Lushoto, kazi ya Kanisa la Kilutheri. Aliyekwenda kuvitazama vitengo vya namna hii hurudi ameshangaa: mtoto aliyefungiwa ndani miaka minne amejifunza kutumia choo, kuvaa shati, kuonyesha picha ya kikombe anapotaka maji. Mambo hayo kwa mpita njia ni madogo. Kwa nyumba ile ni uhuru.

Lakini mtoto hafiki kwenye kitengo mpaka kwanza amepimwa na hali yake imejulikana, na wataalamu wa kupima na kufundisha usemi wamelundikana Muhimbili na katika hospitali chache kubwa. Mfanya kazi wa shamba la mkonge hapandi basi mara nne kwa mwezi kwenda Dar es Salaam. Hapa twaona ipo njia isiyohitaji mabilioni. Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo ya walezi, mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na jambo la maana ni kwamba waendeshaji wake si lazima wawe madaktari bingwa. Mwuguzi wa zahanati au mwalimu aliyefunzwa vizuri aweza. Mama hufundishwa jinsi ya kucheza na mtoto, kumwongezea njia za kuwasiliana, na kuzuia ghasia kabla haijalipuka. Halmashauri inayopata fedha za semina za kila namna haishindwi kupata fedha za semina hii moja.

Na sasa lile ambalo twataka wafanya kazi walisome mara mbili. Mama yule tulimsaidia kuulizia, na kitengo kimepatikana, si mbali sana na kwake. Alifurahi, kisha akakaa kimya akihesabu kwa vidole. Kitengo hupokea watoto kuanzia saa mbili asubuhi na kuwaruhusu saa sita mchana. Zamu yake ni saa kumi na mbili hadi saa nane. Nani atampeleka? Nani atampokea?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanya kazi likizo yenye malipo ya siku 4 kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au msiba wa jamaa wa karibu. Siku hizo 4 ni za mzunguko wa miezi 36, na hazizidi hata yakimpata mambo matatu. Azidishaye hukatwa mshahara. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliongeza likizo ya dharura isiyozidi siku 30, lakini hiyo haina malipo. Mwenye mtoto wa homa atazitumia siku 4 akashukuru. Mwenye mtoto wa usonji huzimaliza katika kupima peke yake. Na isitoshe, hitaji lake si likizo hasa. Mtoto wake si mgonjwa atakayepona Jumatatu. Anachohitaji ni saa: kuingia zamu ya mchana daima badala ya kubadilishwa kila wiki, au kuanza saa mbili unusu na kufidia mwisho wa siku, au kubadilishana zamu na mwenzake pasipo kuandikwa mtoro.

Mwajiri atasema hayo hayamo katika sheria. Ni kweli, hayamo. Lakini marekebisho yale yale ya 2025 yalimwongezea muda mama anayejifungua mtoto njiti, kwa sababu wafanya kazi walisema kwa miaka mingi kwamba watoto wote hawazaliwi sawa. Na wala si lazima tungoje Bunge. Ipo mikataba ya hali bora. Chama cha wafanya kazi chenye wanachama wengi mahali pa kazi kina haki ya kukaa mezani na mwajiri, na kilichokubaliwa kikatiwa saini huwafunga wote. Tumepata kuiona mikataba ya namna hiyo: imeandikwa sabuni, imeandikwa viatu, imeandikwa sanda na jeneza na gari la maiti. Twayaheshimu mambo hayo. Ila mtu akijaliwa kuwa hai, na mtoto wake yu hai, kipengele kiko wapi? Mistari mitatu yatosha: kwamba mzazi au mlezi wa mtoto mwenye ulemavu aliyethibitishwa na daktari atapewa zamu ya kudumu ikubalianayo na saa za shule ya mtoto, na kwamba hatapunguziwa cheo kwa ajili hiyo. Mwajiri mwenye akili hupata faida pia, maana mfanya kazi aliyeacha roho yake imefungwa kitandani hawezi kutazama mashine kwa macho mawili.

Viongozi wa matawi, wengi wenu ni wanaume, nasi hatulisemi hili kwa dharau. Mambo haya huwa hayaingii katika ajenda kwa sababu wanaoyabeba wako jikoni au wako njiani wakikimbilia nyumbani mkutano unapoanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fanyeni mkutano mmoja saa za chakula, muulize waziwazi, mtashangaa ni mikono mingapi itakayoinuka, na mingine itakuwa ya akina baba.

Vivyo hivyo kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi hujua nani amepata mgeni, nani ameuza bati, nani amegombana na mkewe. Hawezi kusema hajui nyumba gani ina mtoto asiyetolewa nje. Tusielewe vibaya: hatumtumi balozi kwenda kuandika majina kama mpelelezi, kwa maana mzazi aliyetishwa hufunga mlango zaidi. Aende na mkewe, wakae, wanywe chai, waseme kwamba shule fulani ina kitengo na siku fulani mwuguzi atakuwapo.

Halafu watoto hawa hukua. Hili husahauliwa hata na wanaowapenda. Mtoto wa kitengo aliyebebwa mgongoni hufika miaka kumi na sita, ana ndevu na nguvu za mtu mzima, kitengo chamwambia kwaheri, naye arudi kwenye chumba kile kile alichotoka. Sheria ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanya kazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa wasiopungua asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda cha watu 400, basi, chadaiwa 12. Tembeeni viwandani mhesabu. Na pale wanapopatikana mara nyingi ni wenye ulemavu wa viungo, ambao mwajiri aweza kuwaona na kuwaelewa. Lakini kijana wa usonji apendaye mpangilio, asiyechoka kuhesabu vifungo na kuvitenga kwa ukubwa, asiyepiga porojo wala kutoroka kuvuta sigara, yupo kwa ajili ya kazi ambazo sisi wengine huzifanya kwa kupiga miayo. Mpeni kazi aionyeshwe kwa vitendo, mahali pasipo kelele nyingi, na msimamizi mmoja asiyebadilika. Si wote watakaoweza. Wako watakaohitaji kutunzwa maisha yao yote, na wazazi wao huulizana usiku nani atawatunza wao wakifa. Swali hilo serikali nayo yapaswa kulijibu, kwa nyumba za kulelea zilizo karibu na jamaa, na si kwa kuwasukuma hospitali za wagonjwa wa akili.

Kwa upande wa mitihani, Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ni jambo jema. Lakini muda huo humfikia aliyetambuliwa na kuandikwa. Mwenzetu yule wa redio ya Padre asingeupata, kwa maana hakuna aliyemtambua. Walimu wakuu, anzieni hapo: watazameni wale wanaochapwa kila Ijumaa.

Mama yule alirudi juzi kutuletea habari. Amemwomba katibu wa tawi la chama chao cha wafanya kazi amwekee dakika tano katika mkutano wa mwisho wa mwezi, naye katibu amekubali, ingawa aliuliza mara mbili ni jambo la nini. Wenzake wawili wa idara ya kusokota wamesema watasimama naye. Kwa siku hiyo moja jirani amekubali kukaa na mtoto, mlango ukiwa wazi na kanga imo sandukuni.